Buloni na rive: namna masuwa ya chuma ilifika katika ziwa Tanganyika

Siku hizi mtu akienda katika duka la vyuma hapa Kalemie kutafuta kitu cha kukaza bati mbili, anaulizwa swali moja tu: "Unataka ya ngapi?" Namba kumi, namba kumi na mbili, na kadhalika. Jina lenyewe limepoteza maana. Vijana wanaita yote "visi": ile inayoingia katika mbao, ile ya moteri, na hata ile isiyokuwa na meno kabisa. Sisi tuliokua karibu na bandari na reli tunashangaa, juu wazee wa karakana hawakuchanganya maneno haya. Kwao buloni ilikuwa buloni na rive ilikuwa rive. Mwanafunzi akileta moja mahali pa nyingine, alirudishwa stoo mbio-mbio, na kicheko nyuma yake.

Mtu anaweza kusema: ni maneno ya Kifaransa tu, yaliletwa na wazungu, yanahusu nini mila na historia yetu? Tunajibu kwamba historia ya ziwa letu iko ndani ya vyuma hivi viwili. Bila buloni, masuwa kubwa hazingefika hapa. Bila rive, zingefika lakini zisingekaa juu ya maji. Na kati ya moja na nyingine kuko migongo ya watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa.

Tuanze na vyuma vyenyewe. Buloni ina kichwa upande mmoja, na upande mwingine ina meno yanayozunguka mwili wake. Inapita katika tundu la vipande viwili, inatokea ngambo, inapokelewa na ekru. Fundi anazungusha ekru kwa ufunguo. Ekru ikikaza sana, mwili wa buloni unavutika kidogo, kipimo ambacho jicho haliwezi kuona, na huko kuvutika njo kunabana vile vipande viwili. Kesho yake ukitaka kuvitenganisha, unachukua ufunguo uleule na unazungusha upande mwingine. Kazi imekwisha. Ubaya wake unatoka mahali palepale panapotoka uzuri wake: kama mashini inatetemeka siku nzima, ekru nayo inaweza kujifungua polepole bila kumwomba mtu ruhusa. Ndiyo sababu wanatia rondele yenye kuuma, ao ekru ya pili juu ya ile ya kwanza.

Rive haina meno, haina ekru. Inafika na kichwa kimoja tu, sawa uyoga mdogo. Kichwa cha pili kinazaliwa palepale kazini. Kwa bati nzito za masuwa ao za daraja, kazi hiyo ilitaka watu wanne ao watano. Mmoja anakaa kwenye moto na kupasha rive mpaka inakuwa nyekundu, karibu ya njano. Anaikamata kwa koleo, anaitupa ao anaipokeza kwa mwenzake. Huyo anaiingiza katika tundu ingali inawaka. Mwingine, ndani, anakandamiza kichwa cha kwanza kwa chuma kizito ili isirudi nyuma. Wawili wa nje wanapiga nyundo, mmoja kisha mwingine, mpaka ule mkia unavimba, unajaza tundu lote, unalala na kuwa kichwa. Halafu wanaiacha ipoe. Na hapa njo kuko akili ya kazi hii: chuma kikipoa kinafupika. Rive ikifupika inavuta vichwa vyake viwili, na bati zinabanwa kuliko nyundo yoyote ingeweza. Kuitoa, hapana ufunguo. Ni kukata kichwa kwa tindo ao kukitoboa, kisha kuisukuma nje. Rive iliyotoka haitumiki tena.

Visi tuiache haraka, si neno letu la leo. Inatosha kusema kwamba visi inauma yenyewe ndani ya kitu inachokishika, mbao ao chuma chenye meno yake, wakati buloni inapita tu na kumwachia ekru kazi ya kuuma.

Sasa mtu asifikiri kwamba rive ni bora kwa sababu ni ngumu kutoka. Tutazame reli yetu inayotoka hapa Kalemie kwenda Kabalo, iliyofika ziwani mwaka 1915. Kwenye reli za namna hiyo, vipande viwili vinaunganishwa kwa bati za pembeni, na bati hizo zinakazwa kwa buloni. Jua likipanda, reli inarefuka. Usiku ikipoa inafupika. Kwa hiyo tundu linatobolewa kubwa kidogo kupita buloni, reli ipate nafasi ya kupumua. Ukipiga rive hapo umeifunga pumzi, na siku ya jua kali reli itajikunja sawa nyoka. Tena reli inachakaa, inabidi kubadilishwa, na mfanyakazi wa njia hawezi kubeba moto na nyundo kila siku. Hapo buloni njo mwenye mahali pake. Lakini daraja za chuma na mabehewa ya zamani, vitu vilivyotakiwa kukaa vivyo hivyo maisha yote, vilipigwa rive. Mwenye macho aangalie behewa la zamani lililoachwa pembeni ya garе yoyote, ataona vile vichwa vya mviringo vimepangwa mistari kama mbegu.

Wazee wetu wa zamani zaidi hawakuhitaji moja wala nyingine. Mutumbwi ulichongwa katika mti mmoja. Kitu ambacho hakina kiungo hakitaki cha kukiunga. Mfua chuma alifanya shoka lenye mkia mwembamba, mkia ule ukaingizwa katika kichwa kinene cha mpini, na kila pigo lililikaza zaidi. Huko pwani, kwenye bahari ya Waswahili, kulikuwa chombo kilichoitwa mtepe, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, bila chuma. Neno msumari lilitoka kwa Waarabu, likapanda na misafara, na sisi tunalitumia mpaka leo. Lakini kwa buloni na rive lugha yetu ilipokea jina pamoja na chuma, siku moja, katika mzigo mmoja.

Na neno "mzigo" hatulisemi ovyo. Mito na maziwa ya Kongo ni njia kubwa, lakini mlango wake ulifungwa. Kutoka Matadi kwenda mahali penye Kinshasa ya leo, mto unaanguka maporomoko juu ya maporomoko. Reli ya huko ilianza kujengwa mwaka 1890 na ikamalizika 1898. Kabla ya hapo, kila kilo ya chuma ilipita juu ya kichwa ao bega la mutu. Upande wetu wa mashariki ilikuwa vilevile, kutoka pwani ya bahari mpaka ziwani. Sasa, mutu anabeba karibu kilo 30. Masuwa je? Jibu la wazungu lilikuwa kuigawanya. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1874, alikuwa na chombo cha mbao kilichoitwa Lady Alice, vipande vitano, vinabebwa na watu njiani na kuunganishwa wakifika kwenye maji. Mwaka 1876 alizunguka nacho ziwa Tanganyika lote, akachungulia hata mto Lukuga wetu hapa, kisha akaenda Nyangwe na kuteremka mto mpaka Boma, alikofika mwaka 1877. Lady Alice haikufika. Iliachwa juu ya mawe karibu na maporomoko ya mwisho.

Baada ya mbao kilifika chuma. Wamisioni Wabaptisti wa Uingereza walitengeneza masuwa ya mvuke, jina lake Peace. Iliundwa huko London, ikajaribiwa, ikabomolewa tena na kufungwa mizigo kama 800. Mizigo hiyo ilibebwa mpaka juu ya maporomoko. Mafundi waliotumwa kuja kuiunganisha walikufa kwa ugonjwa, na mumisioni George Grenfell aliisimamisha yeye mwenyewe pamoja na watu wa hapa, mpaka ikashuka katika maji mwaka 1884. Kwenye ziwa letu, wamisioni wengine wa London walifikisha Good News mwaka 1885, kwa njia ndefu ya kusini, kupitia Zambezi na ziwa Nyasa.

Hapo njo mtu anaelewa kazi ya rive. Kipande cha bati kikipotea njiani, mtu anaweza kukata kingine. Lakini sanduku la rive likikosekana, masuwa nzima inabaki rundo la vyuma kando ya mto. Mwandishi Joseph Conrad, ambaye alikuja Kongo mwaka 1890, aliandika baadaye hadithi yake inayojulikana, Heart of Darkness, na ndani yake kapiteni anakaa anangoja rive ili atengeneze masuwa yake iliyotoboka, huku rive zimejaa masanduku huko chini kwenye pwani. Watu wa vitabu wanaisoma hadithi ile juu ya mambo mengine. Fundi wa bandari akiisikia, anacheka kwanza pale kwenye rive, juu anajua uchungu ule.

Tuseme pia jambo ambalo vitabu vya masuwa havipendi kulisema. Chuma chenye kufungulika kilifanya masuwa kuwa mzigo wa kichwa, na mzigo wa kichwa ulitaka kichwa. Wengi waliobeba hawakupenda. Na masuwa ikiisha kupigwa rive na kuwasha moto, ilipanda mto ikibeba askari na kushuka ikibeba pembe za ndovu na kauchu. Wabebaji walileta kwa mabega yao kitu ambacho kilirudi kuwatawala.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote uko mbele yetu, ngambo ya ziwa, na wengi wetu tumeuona kwa macho. Ni ile masuwa inayoitwa Liemba.

Kabla ya vita ya 1914 Wajerumani walikuwa mabwana wa Kigoma, na walitaka masuwa kubwa ya kutawala ziwa. Wakaagiza kiwanda cha Meyer, katika mji wa Papenburg huko Ujerumani. Mwaka 1913 kiwanda kikaijenga yote, urefu karibu mita 70, lakini waliifunga kwa buloni tu. Walijua kwamba itabomolewa. Waliitazama kama kila kipande kinakubaliana na mwenzake, kisha wakafungua buloni, wakatia vyote katika masanduku 5,000, wakapeleka kwa bahari mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa reli mpaka Kigoma, ambako njia ya gari la moshi ilifika mwaka 1914. Mafundi watatu wa Papenburg walikuja nayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Huko Kigoma, pamoja na mafundi Wahindi na wafanyakazi Waafrika, walianza kazi upya, mara hii kwa moto na nyundo. Kila tundu lililowahi kupitisha buloni huko Ulaya lilipokea rive hapa ziwani. Tarehe 5 mwezi wa pili 1915 masuwa ilishuka majini, ikaitwa Graf von Götzen.

Wasomaji watulie kidogo hapo. Masuwa moja, tundu zilezile, bati zilezile. Huko Papenburg ilikuwa na buloni na haikuwa masuwa bado, ilikuwa kipimo. Kigoma ilipata rive na hapo njo ikawa masuwa, kwa sababu hakuna tena mtu angeweza kuirudisha katika masanduku.

Vita vyenyewe tunavipita mbio, vimesimuliwa mara nyingi. Tarehe 22 mwezi wa nane 1914 masuwa ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilikuwa imepiga mizinga hapa Lukuga, na Kongo ya Wabelgiji ikaingia vitani. Mwaka 1915 Waingereza walileta vyombo viwili vidogo vya mbao, Mimi na Toutou. Hivyo havikubomolewa. Vilikuja vizima, kwa treni mpaka Fungurume, kisha vikavutwa na mashini za mvuke na ng'ombe kupanda milima ya Mitumba, na watu wakitengeneza barabara na madaraja mbele yao, kisha kwa treni tena na kwa mto Lualaba mpaka hapa. Mwezi wa kumi na mbili vikakamata masuwa ya kwanza ya Wajerumani, Kingani, na mwezi wa pili 1916 vikazamisha Hedwig.

Götzen haikuzamishwa na adui. Tarehe 26 mwezi wa saba 1916, Wajerumani wakikimbia Kigoma, walipaka mashini zake girisi nyingi, wakaijaza mchanga, wakaiteremsha wao wenyewe chini ya maji karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Wabelgiji wetu wa wakati ule waliiinua baada ya vita na kuivuta mpaka Kigoma, lakini mwaka 1920 dhoruba iliizamisha tena. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwili wake ulikuwa bado unafaa kwa kazi. Mwaka 1927 ilianza kusafiri na jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa hili upande wa kusini. Mvuke wake ulibadilishwa na mashini za mazuti katika miaka ya 1970.

Sisi hatusemi kwamba rive peke yake iliiokoa. Girisi pia ilifanya kazi yake, na maji ya ziwa hayana chumvi sawa ya bahari. Lakini tunafikiri hivi: kama wangeiacha na buloni zake za Papenburg, meno na ekru elfu na elfu, kila moja na kijiupenyo chake cha kuingiza maji na kutu, nani angeiinua mara mbili ikatoka nzima?

Watu wa Uvira na wa Fizi wanaijua Liemba kwa sababu nyingine. Vita ya 1996 iliwakimbiza wengi ngambo, Kigoma. Mwaka 1997, serikali ya Mobutu ilipoanguka, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilikodi Liemba kuwarudisha. Ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha watu zaidi ya 75,000. Wamama walishuka na watoto mgongoni na masufuria kichwani, wakikanyaga bati zilizopigwa nyundo na wafanyakazi wa 1915. Na mwaka 2015 masuwa hiyohiyo ilikuwa inabeba Warundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma.

Leo masuwa mpya hazipigwi rive. Tangu vita ya pili ya dunia viwanda vilihamia kwenye kusude kwa umeme, bati na bati zinayeyushwa kuwa kitu kimoja. Lakini masuwa za zamani zipo bado, na hapa njo kuchanganya maneno kunaleta hatari. Rive ya chini ya maji ikilegea, mtu asiyejua anaona tundu, anatafuta "visi" yenye ukubwa ule, anapitisha buloni, anakaza, maji yanasimama, analipwa, anakwenda nyumbani. Kwa siku chache, na mpira mzuri na rondele, hiyo ni dawa. Hata mafundi wakubwa wanafanya hivyo safarini. Shida inaanza wakati dawa ya siku chache inaachwa mwaka mzima. Mashini inatetemeka, ekru inalegea, na zaidi ya hapo rive za jirani sasa zinabeba kazi isiyokuwa yao, juu buloni yenye nafasi ndani ya tundu haijazi tundu sawa rive ya moto. Inacheza. Jirani naye anaanza kucheza. Mwenye masuwa anamlaumu fundi, fundi anamlaumu muuza vyuma, na wote watatu walikuwa wanatumia neno moja kwa vitu viwili.

Kwa lugha, ziwa letu limefanya jambo la kuchekesha. Upande wetu tulipokea Kifaransa: buloni, ekru, rive. Wandugu wa Kigoma walipokea Kiingereza: bolti, nati, ribiti. Fundi wa Kalemie akienda kununua vyuma ngambo, anaweza kuzungumza Kiswahili kuanzia asubuhi bila shida yoyote, mpaka anafika dukani na anabaki kuonyesha kwa vidole. Lakini wote wawili wanasema msumari, na wote wawili wanasema nyundo.

Rive ndogo hazijapotea. Ziko kwenye mikono ya masufuria, kwenye visu, na kwenye freni za malori, ambako kile kitambaa kigumu kinashikwa na rive laini za shaba ao alumini, ili zisikwaruze chuma kinachozunguka siku kitambaa kitakapokwisha. Mpiga rive wa sokoni, aliyeketi na kipande cha reli mbele yake, anafanya kwa baridi kazi ileile iliyofanywa Kigoma kwa moto.

Na namna ya kupima rive haikubadilika. Wazee wa bandari walishika nyundo ndogo kwa mkono wa kuume, na kidole cha mkono wa kushoto wakakiweka pembeni ya kichwa cha rive. Walipiga mara moja. Iliyokaza ilitoa sauti ya kengele. Iliyolegea ilitoa sauti ya mbao, na kidole kilisikia inatetemeka. Waliitia alama ya chaki na kuhamia ya pili, mstari mzima, mpaka jioni.